Povu, Chumvi na Bwawa: Skima ya Samaki Ina Kazi Gani Kasulu na Kibondo?

Chukua chupa mbili angavu za lita moja. Moja ijaze maji ya kisima. Nyingine ijaze maji hayohayo, utie vijiko sita vya chai vya chumvi ya Uvinza, kiasi cha gramu 35, utikise mpaka iyeyuke. Kisha ingiza kwenye kila chupa mrija wa pampu ndogo ya hewa uliofungwa jiwe la hewa, uwashe. Kwenye maji matupu viputo vitapanda vikiwa vikubwa, vitagongana, vitaungana, na kupasuka mara vifikapo juu. Kwenye maji ya chumvi, jiwe lilelile litatoa viputo vidogo sana vinavyopanda polepole, na chupa nzima itapauka iwe na rangi ya tui. Pampu haikubadilika wala hewa haikubadilika. Chumvi ndiyo iliyozuia viputo visimezane.

Yeyote anayetaka kuielewa skima, kile chombo cha kuchota povu katika matangi ya samaki wa baharini, aanzie kwenye chupa hizo. Chombo chote kimejengwa juu ya tabia hiyo moja ya maji ya chumvi, na hiyo ndiyo tabia ambayo maji ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, hayana.

Kwa nini basi kuijadili skima huku juu, ambako reli ya kati inabidi ikate kilomita 1,252 kutoka Dar es Salaam hata ifike Kigoma, na Kigoma yenyewe bado iko chini kabisa ziwani? Sababu ya kwanza ni kwamba ufugaji wa samaki unazungumzwa kwa uzito zaidi kuliko zamani. Dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika ndiyo kitoweo cha nyanda hizi, na ziwa hilo lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaliana. Soko likikosa samaki wa ziwani, bwawa la bondeni huacha kuwa mradi wa majaribio. Sababu ya pili ni simu. Mtu wa Kibondo mwenye bando anaona matangazo ya vifaa vilevile anavyoviona mtu wa Dubai, na katika vifaa vya matangi hakuna kinachovutia macho kama skima: tangazo linaonyesha kikombe kimejaa maji meusi yanayonuka, na ujumbe ni kwamba uchafu huo wote ulikuwa unaogelewa na samaki wako. Mfugaji wa sato anaangalia bwawa lake la kijani, anaangalia kikombe kile, na mkono unaanza kuelekea mfukoni.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kikombe cha skima ni kipimo kibovu, hata baharini. Kifaa chochote cha kusafisha maji ya samaki kinapimwa kwa hali ya maji yaliyobaki na samaki waliomo, na ukikipima hivyo utaona skima inastahili sifa kiasi kwenye tangi la chumvi, karibu haistahili chochote kwenye tangi la maji baridi, na kwenye bwawa la udongo haina hata pa kuanzia.

Kazi ya povu

Kinyesi cha samaki, mabaki ya chakula, ute wa ngozi na mwani uliokufa huacha majini protini, mafuta na asidi za aina nyingi. Nyingi za chembe hizo zina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia. Zikikutana na hewa hujipanga mpakani, upande mmoja ndani ya maji na mwingine nje. Povu la ufukweni siku za kusi kali ni hilohilo: wimbi limechanganya hewa na maji yenye mabaki ya viumbe, na viputo vimetoka na mzigo.

Skima huliiga wimbi ndani ya bomba. Maji huingia kwenye mnara wa plastiki, hewa huchanganywa nayo, viputo hupanda vikiwa vimebeba uchafu, povu husimama juu ya maji na kupanda shingoni, maji ya ziada hudondoka kurudi chini, na povu zito humwagikia kikombeni. Katika matangi ya nyumbani Wajerumani ndio waliotangulia, miaka ya 1960, kwa mabomba yanayosukumiwa hewa kupitia mawe ya mbao. Siku hizi pampu yenye gurudumu la sindano huikatakata hewa vipandevipande, lakini hesabu ni ileile. Kadiri viputo vinavyokuwa vidogo na kukaa majini muda mrefu, ndivyo uso wa kukamatia uchafu unavyopanuka.

Sifa yake kubwa ni wakati wa kuingilia. Vichujio vya bakteria hungoja uchafu uoze uwe amonia, kisha bakteria waanze kazi. Skima huutoa kabla haujaoza. Vilevile inaingiza oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, na kwa maoni yangu nusu ya manufaa ambayo watu huyahesabu kwa povu yanatokana na hewa hiyo tu. Lakini amonia iliyokwisha kuundwa haiigusi. Nitrati haiigusi. Anayenunua skima ili ashushe nitrati ndani ya wiki atasubiri sana.

Kuifunga

Tuseme kuna mtu mjini Kasulu, mwenye hoteli au shule yenye maabara, ameazimia kuwa na tangi la bahari la lita 200. Gharama ya kwanza si skima, ni chumvi. Lita 200 zinahitaji kilo 7, na akibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki atatumia gramu 700 nyingine kila mara. Hapa wengi wangefikiria Uvinza, na ni haki yao: uchimbaji wa kiakiolojia wa mwaka 1967 ulionyesha kwamba chumvi imekuwa ikipikwa kwenye chemchemi za maji ya chumvi za huko tangu kama karne ya 5 au ya 6, na Waha wameila na kuifanyia biashara vizazi na vizazi. Ni chumvi nzuri ya mboga. Lakini ni sodiamu kloridi karibu tupu, ilhali bahari ina magneziamu, kalsiamu, salfeti na potasiamu kwa viwango ambavyo samaki na matumbawe wamevizoea. Kwa jaribio la chupa inatosha kabisa. Kwa tangi la bahari itabidi anunue chumvi iliyochanganywa maalumu, isafiri kutoka nje hadi Dar na kutoka Dar hadi kwake.

Skima yenyewe hukaa vizuri zaidi kwenye tangi la chini, yaani tangi dogo lililo chini ya lile la maonyesho, ambalo maji hushukia na kupandishwa tena kwa pampu. Jambo kubwa ni kimo cha maji kisichobadilika. Kila skima ina kina chake, na kosa la sentimita mbili tatu linatosha kuifanya imwage maji kikombeni au ikae kavu. Ndiyo maana tangi la chini hutiwa kizuizi kinachoshikilia kimo kimoja hata maji yakipungua kwa mvuke.

Siku za mwanzo huwa za kukatisha tamaa. Plastiki mpya ina mafuta ya kiwandani, na mafuta ni adui wa povu. Kuiosha kwa siki na maji ya moto kiasi husaidia, lakini bado inaweza kuchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili, kabla povu halijatulia. Wakati huo mtu hufungua vali, hufunga, hufungua tena, na mwisho hajui kilichosababisha nini. Afadhali ageuze kidogo, aache hadi kesho, aangalie, ndipo ageuze tena.

Kuna adui ambaye vitabu vya Ulaya havimtaji kwa sababu waandishi wake hawaishi naye: mawese. Katika mkoa wa Kigoma mikono mingi imetoka kwenye mawese saa chache zilizopita. Mtu akimaliza kupika, akanawa juujuu, akatumbukiza mkono tangini kunyoosha jiwe, povu huanguka papo hapo na skima hukaa kimya kwa saa nyingi. Haijaharibika. Utando wa mafuta umetawanyika juu ya viputo na kuvipasua kabla havijapanda, na ukishaisha povu litarudi. Chakula cha samaki chenye mafuta mengi hufanya vivyo hivyo kwa muda mfupi.

Halafu kuna hewa. Skima huvuta hewa ya chumbani mchana na usiku. Chumba chenye jiko la mkaa kina hewa nyingi ya ukaa, na ile hewa ikisukumwa majini hushusha pH. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo hupitia mlango huohuo na kuingia moja kwa moja kwenye matamvua. Mrija wa hewa utolewe dirishani, suala liishe.

Umeme pia una hesabu yake. Skima ndogo ya wati 20 isiyozimwa hula kama uniti 14 kwa mwezi, na hapo hujaihesabu pampu ya kupandishia maji wala taa. Gridi ya taifa imefika nyanda hizi juzi juzi tu baada ya miaka mingi ya jenereta za dizeli, na umeme bado hukatika. Ukikatika usiku kucha, tangi lililozoea kupewa oksijeni na skima litakuwa limepoteza chanzo hicho wakati linapokihitaji. Pampu ya hewa ya betri, au ya sola kama zilivyo taa nyingi za vijijini huku, iwepo kabla skima haijanunuliwa.

Kuipima

Ukishaifunga, utajuaje inafanya kazi? Jibu la kawaida ni kukitazama kikombe, nami nimesema ni kipimo kibovu. Sababu rahisi ni kwamba kikombe kinaweza kujazwa na yeyote: pandisha kimo cha maji, povu jepesi litamwagika, na kufikia asubuhi utakuwa na kikombe kizima cha maji ya rangi ya chai ambayo sehemu kubwa ni maji ya tangi lako. Shusha kimo, na skima ileile itatoa vijiko viwili vya tope jeusi. Mnunuzi atasifu kipi?

Mwaka 2009 Ken Feldman, mkemia wa Chuo Kikuu cha Penn State nchini Marekani, na wenzake waliacha kutazama vikombe wakapima maji. Walifuatilia kaboni inayotokana na mabaki ya viumbe jinsi inavyopungua skima ikiwa kazini. Walikuta skima zinaondoa sehemu ya asilimia 20 hadi 35 hivi, kisha zinagota. Iliyosalia haikutoka hata skima ikiendelea kuzunguka, kwa kuwa si kila chembe hupenda kushikamana na kiputo. Tofauti kati ya skima moja na nyingine zilikuwa ndogo kuliko tofauti za bei zake. Baadaye walichunguza tope la kikombeni na kukuta kaboni ya viumbe ni sehemu ndogo tu; kulikuwa na chokaa nyingi na silika ya maganda ya mwani wa daiatomu.

Matokeo hayo yamewaudhi wengi waliolipa fedha nyingi. Mimi nayaona kama huduma kwa mwenye kipato kidogo: yanamwambia kwamba skima ya wastani iliyofungwa vizuri inakaribia ile ya kifahari, na kwamba zote mbili zinahitaji kusaidiwa na kubadilisha maji, mkaa ulioamilishwa na mkono mwepesi wakati wa kulisha.

Kwa asiye na maabara, vipimo vya nyumbani vipo. Jaza ndoo nyeupe maji ya tangi, na ndoo nyingine nyeupe maji mapya ya chumvi, uziweke sambamba mchana. Umanjano utauona kwa macho. Rudia baada ya wiki nne huku ukilisha kiasi kilekile. Hesabu pia siku zinazopita kati ya kufuta mwani kwenye kioo na kioo kufunga tena. Zikiongezeka, chakula cha mwani kimepungua majini. Amka kabla ya alfajiri uwatazame samaki: wakihema juu ya maji, oksijeni haitoshi, na skima inayosifiwa kwa hewa imeshindwa mtihani wake mwepesi. Ila usibadilishe mambo matatu kwa siku moja. Aliyefunga skima, akapunguza samaki, akaanza na mkaa wiki hiyohiyo hana haki ya kusema ni kipi kilichomsaidia.

Shingo ya skima ifutwe kila baada ya siku mbili tatu. Utando ukiishika, povu hupanda kwa shida na mwenye tangi hudhani maji yamekuwa safi.

Maji baridi

Sasa turudi kwenye maji tuliyo nayo. Povu katika maji baridi lipo. Yeyote aliyesimama chini ya maporomoko ya mto wakati wa masika ameliona likizunguka kwenye kona, la rangi ya kahawia hafifu, limetokana na majani yaliyooza. Lakini mto umelitengeneza kwa nguvu kubwa na maji mengi mno. Kwenye mnara wa nusu mita, viputo vya maji baridi huungana na kufika juu vikiwa vichache na vikubwa, na kikombe chaweza kukaa kikavu wiki nzima. Vyombo vya povu vya maji baridi hufanya kazi pale maji yanapokuwa mazito kwa uchafu, kama kwenye mitambo ya kufugia sato au mikunga kwa wingi katika matangi yanayorudisha maji yaleyale, mara nyingine kwa kusaidiwa na ozoni. Kwa tangi la sebuleni ni pambo linalokula umeme.

Je, maji ya Ziwa Tanganyika? Watu husema yana chumvichumvi, na kweli yana madini kuliko maji ya mito mingi. Lakini jumla ya yote yaliyoyeyuka haifiki gramu moja kwa lita, ukilinganisha na 35 za bahari. Kwa skima, Tanganyika ni maji baridi tu.

Hata hivyo ziwa hilo linatufundisha jambo ambalo lina uzito kuliko povu. Kuna zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi ambao karibu wote hawapatikani kwingine duniani, na tangu Pierre Brichard alipoanza kuwasafirisha kutoka Burundi miaka ya 1970, samaki hao wa mapambo wamekuwa wakipanda ndege kutoka mwambao huu kwenda Ulaya, Marekani na Asia. Maji yao yana pH ya karibu 9. Amonia nayo ina sura mbili, moja kali na moja isiyo na madhara makubwa, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo. Katika nyuzi 25, kwenye pH 7 sura kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi moja. Kipimo kinachosema miligramu 1 ya amonia kwa lita kina maana ya tahadhari kwenye tangi moja na maana ya msiba kwenye lingine.

Jambo hilo huonekana wazi kwenye mfuko. Vifaranga vya samaki husafirishwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni nyingi. Safari ikiwa ndefu, tuseme hadi Kibondo kwa basi, samaki wanapumua, hewa ya ukaa inajaa, pH inashuka, na amonia iliyolimbikizana inabaki katika sura yake isiyo kali. Mfuko ukifunguliwa na kuachwa wazi, hewa ya ukaa inatoka, pH inapanda, na sumu iliyokuwa imelala inaamka. Mpokeaji anayefungua mifuko yote, akaiweka kivulini iwe na hewa safi huku akinywa chai, atashangaa kwa nini vifaranga vilivyofika hai vinageuka tumbo juu. Mfuko uelee bwawani ukiwa umefungwa mpaka joto lilingane, ufunguliwe, na vifaranga vitolewe bila kuchelewa. Mwuzaji naye awe amevinyima chakula siku moja kabla ya safari, visije vikachafua maji njiani.

Klorini nayo isisahaulike. Maji ya bomba mijini, na hasa maji ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, hutiwa dawa ili kuzuia kipindupindu. Kiwango kinachotakiwa bombani ni miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini kwa lita. Kwa binadamu ni usalama, kwa matamvua ni moto. Maji hayo yakae kwenye beseni pana usiku kucha, yakipigwa hewa, ndipo yaguse samaki.

Bwawa

Kwenye bwawa hesabu ndiyo inayofunga mjadala. Chukua bwawa la mita 15 kwa 20, kina mita moja: lita 300,000. Weka sato 900 wa gramu 100, jumla kilo 90. Wakila asilimia 3 ya uzito wao, ni kilo 2.7 za chakula kwa siku, na kilo moja ya chakula chenye protini ya asilimia 30 huzaa gramu 30 hivi za amonia. Ni kama gramu 80 kwa siku, zikitawanyika kwenye lita zote hizo. Hakuna mnara wa plastiki utakaozifukuza. Anayezifukuza ni mwani. Ule ukijani unaomtia mfugaji wasiwasi ndio kichujio chake, na unalipwa kwa jua. Tumbukiza mkono hadi kiwiko: kiganja kikianza kupotea machoni karibu na kiwiko, kina cha sentimita 30 hivi, ukijani unatosha. Kikipotea mapema kwenye kifundo, umezidi.

Gharama ya mwani hudaiwa usiku. Mchana unatoa oksijeni, usiku unaivuta pamoja na samaki, na saa mbaya kuliko zote ni ile ya kabla ya jua kuchomoza. Hapa urefu wa nyanda zetu unaingia. Kwa usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 hushika kama miligramu 8.2 za oksijeni kwa lita. Kwenye mita 1,400 hewa ni nyepesi, na maji yaleyale hushika kama 7. Ubaridi wa Kibondo hurudisha kiasi, maana maji yenye joto dogo hubeba oksijeni zaidi, lakini ubaridi huohuo unachelewesha bakteria na kumdumaza sato. Ratiba ya kulisha iliyoandikwa kwa bwawa la Dar es Salaam haifai kunakiliwa hapa. Chakula kipunguzwe siku za mawingu na baridi, na kinachoelea baada ya dakika 15 kihesabiwe kuwa fedha iliyotupwa. Kambale anaweza kupanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo huvumilia. Sato hana njia hiyo.

Kwa matangi ya maji baridi, yawe ya maonyesho au ya kuhifadhia vifaranga, nafasi ya skima inachukuliwa na ndoo yenye kokoto au vizibo vya soda vilivyosafishwa, maji yakipitishwa humo polepole. Bakteria hujenga makazi juu yake na kugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Huchukua wiki nne hadi sita katika joto la nyuzi 25, zaidi kwenye baridi ya Juni na Julai, na katika muda huo amonia hupanda kwanza, nayo ikishuka, nitriti hupanda. Wengi huosha ndoo hiyo kwa maji ya bomba yenye dawa, wakaua walichokijenga kwa mwezi mzima. Isuuzwe kwa maji ya tangi lenyewe.

Kabla ya ndoo hiyo kuwe na shimo la tope, maana kinyesi kinachotuama na kutolewa kila siku hakipati nafasi ya kuoza. Ni wazo lilelile la skima, kuutoa uchafu kabla haujawa amonia, ila linafanywa na mvutano wa dunia bila umeme.

Maji yanayotolewa yana mbolea, na bondeni kuna migomba, magimbi na mchicha. Yaelekezwe huko, yasiende mtoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na mito mingi ya Kasulu na Kibondo humwagika kwenye mto Malagarasi, ambao ardhioevu yake ya Malagarasi-Muyovozi ilikuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya ardhioevu ya Ramsar, mwaka 2000. Humo mna perege wa asili, akiwemo karomo, asiyepatikana nje ya bonde hilo. Utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha jinsi sato wa kupandikizwa walivyokwisha kuenea kwenye mabonde mengi ya Tanzania, na anayefungulia bwawa lake mtoni bila wavu anaongeza wengine wasioweza kurudishwa tena.

Kama ningekabidhiwa bei ya skima moja nzuri na kuambiwa niitumie kwa wafugaji wa Kasulu au Kibondo, ningenunua vitone vya kupimia amonia na pH, nivigawe kwa maofisa ugani wa kata pamoja na kipimajoto na kipande cha karatasi chenye mgawanyo wa amonia kwa kila pH. Chupa moja ndogo hupima mara nyingi. Mfugaji aonyeshwe rangi ikibadilika mbele yake, kwenye maji ya bwawa lake, asubuhi kabla ya kulisha na tena jioni. Kisha ofisa arudi baada ya wiki mbili, chakula kikiwa kimepunguzwa kwa robo, wapime tena maji yaleyale.